Shati la Bwana Nilisema

Juzi Jumamosi wajukuu zangu waligombana kwa sababu ya mbuzi. Si mbuzi wa kweli, ni wa katuni, yule mwenye miwani anayewasahihisha wenzake kila wanapofungua mdomo. Sijui kama na kwenu anaonyeshwa. Hapa Tunduma watoto wa mtaa mzima wanamjua, na kipo kipande kimoja, cha mbuzi huyo kuwavusha wenzake mtoni, ambacho wamekitazama mpaka wanamaliza maneno kabla hayajasemwa. Mkubwa anasema hakuna kipande kitamu kama kile. Mdogo, ambaye ana miaka saba, anasema angependa mbuzi achukuliwe na maji moja kwa moja ili wengine wapumzike. Kesi wakaniletea mimi. "Bibi, wewe unampenda au humpendi?"

Nilikuwa nachambua maharage. Nikawaambia sijui. Wakacheka, maana kwao mtu mzima kusema sijui ni kukwepa. Lakini nilikuwa nimesema kweli. Nje malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yananguruma kama kawaida, na mimi nilikuwa nimeshaondoka sebuleni. Nilikuwa Mbozi, kata ya Ruanda, ndani ya ghala la kahawa, nina miaka kumi na moja, na nimeshika gazeti.

Nimeona niandike kabla sijasahau zaidi. Elimu yangu iliishia darasa la saba, na daftari hili nimelizoea kwa mambo madogo madogo: nani kaja, mvua imeanza lini, kuku gani anaatamia. Kwa hiyo mahali nitakapokosea unisamehe. Nitajitahidi nisimwonee mtu, hasa jirani yetu, kwa sababu huyo nilishamwonea mara moja na inatosha.

Ilikuwa ile miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wametawanyika kwenye mabonde tulikuwa tumehamishiwa mahali pamoja, nyumba zimepangwa mistari, na kila mtu ghafla akawa na majirani asiowachagua. Siku tatu kwa wiki, saa tisa alasiri, watu wazima walikwenda kisomo. Darasa lenyewe lilikuwa ghala la kahawa, msimu ambao halina kahawa. Walikalia magunia yaliyokunjwa, na ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa weusi wa betri za redio zilizopondwa na kuchanganywa na maji. Mpaka leo nikinusa gunia jipya nasikia sauti za akina mama wakisema kwa pamoja, ba, be, bi, bo, bu. Nje kulikuwa na sufuria la viazi vitamu kwenye mafiga, kwa sababu bibi yangu alisema kichwa chenye njaa hakiingizi kitu, na mwenye kubisha abishe akishashiba.

Bibi yangu ndiye aliyenilea. Alishika chaki kama anavyoshika kijiti cha kupandia mbegu, akaikandamiza mpaka ikavunjika. R ilimshinda kabisa. Barua kwake ilikuwa balua, na aliandika vile vile alivyotamka, kisha akanikasirikia mimi nilipomwonyesha kosa. Lakini hakukosa hata siku moja.

Mwalimu wa kisomo alikuwa mmoja kwa vijiji viwili. Siku ambazo hakufika, sisi wa darasa la tano tuliojua kusoma vizuri tulitumwa kusaidia. Bibi alinipendekeza mimi mbele ya watu wote, na sitakudanganya, nilivimba. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwasomea gazeti. Lilikuja mara moja kwa mwezi na lori la mbolea, gazeti la wasomaji wapya, lenye herufi kubwa kama punje za mahindi. Lilikuwa na habari za lishe, za samadi, barua za wasomaji kutoka huko na huko. Watu walivumilia yote hayo kwa heshima, wakingoja ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa katuni, na ndani ya katuni alikuwamo Bwana Nilisema.

Bwana Nilisema alikuwa na kitambi, mwavuli, na shati jeupe lenye kalamu mfukoni. Hakushika jembe hata mara moja. Wenzake walifanya kazi, yeye akakaa pembeni, na jambo likiharibika alinyoosha kidole juu na kusema neno lake hilo moja. Mahindi yakioza, nilisema. Baiskeli ikipasuka mpira, nilisema. Watu walimchukia mpaka wakampenda. Kila mwezi waliuliza kwanza kama yumo, na akiwa yumo, basi waliguna, wakaketi vizuri.

Sasa nije kwa jirani yetu. Alikuwa mzee mwembamba, Mndali wa Ibaba, kule milimani Ileje, aliyefika kwetu kwa upande wa mkewe. Kitambi hakuwa nacho wala mwavuli. Alichofanana na yule wa gazetini ni mdomo tu. Mjomba wangu alipokuwa anaezeka nyumba yake, jirani alisimama chini, mikono nyuma, akasema, "Hapo patavuja." Mvua ya kwanza iliponyesha alitoka kwake akaja amelowa chapachapa, akaingia, akaangalia tone linavyodondoka katikati ya nyumba, akasema, "Nilisema." Hadithi hiyo tuliirudia sana na tulicheka sana. Jambo ambalo hatukulirudia ni kwamba alikuwa amekuja na mzigo wa nyasi kwapani, na ndiye aliyepanda kuziba. Naliandika leo kwa sababu siku zile sikulihesabu.

Neno lake kubwa kuliko yote lilihusu kisima. Kijiji kilikuwa na kisima kimoja, karibu na ofisi ya kijiji, kilichochimbwa pale kwa sababu pale ndipo watu walipokutania. Ikifika Agosti kilibaki tope. Hapo wasichana na akina mama tulianza kushuka kijitoni alfajiri, umbali ambao ukirudi ndoo imepungua robo, shingo imekakamaa, na kengele ya shule imeshapigwa. Nilichapwa kwa kuchelewa mara nyingi kuliko nilivyochapwa kwa hesabu. Jirani yetu alisema maji yapo bondeni, chini ya kiwanja cha shule, kwenye matete. Alisema vyura wanalia pale hata mwezi wa kumi, na chura halii mahali pakavu. Kwao Ibaba, alisema, mtoto mdogo anajua hilo.

"Nilisema kabla hamjachimba," aliwaambia mkutanoni, "nikasema mlipokuwa mnachimba, na leo nasema tena."

"Ndugu, umesikika," mwenyekiti wa kijiji alimjibu. "Kaa."

Na pale mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Bwana Nilisema!" Mkutano ukaanguka kicheko. Tangu siku hiyo jina likamganda. Watoto walimfuata njiani wamenyoosha vidole juu. Nami nilikuwamo, niandike hivyo hivyo. Hakutufukuza. Ila kule kisomo aliacha kukaa mbele akahamia mlangoni, na wiki moja hakuja kabisa.

Toleo ninalotaka kukusimulia lilifika Septemba, kisima kikiwa kimekauka tayari. Mwalimu wa kisomo hakuwepo. Ghala lilijaa, maana mtu wa lori alikuwa ameshasema kwamba safari hii Bwana Nilisema amepewa ukurasa mzima. Na kweli. Miezi mingine katuni ilikuwa mstari mmoja tu wa picha. Mwezi ule zilikuwa picha sita, mbili mbili, zimepangwa ngazi tatu.

Hapa lazima nieleze kosa langu, maana bila hilo hutaelewa kitu. Muda mfupi kabla ya hapo mwalimu wetu wa shule alikuwa amenipiga rula vidoleni kwa kusoma gazeti kwa kuvuka safu, mpaka habari ya mbolea ikaingia katikati ya habari ya harusi. "Gazeti linasomwa kwa kushuka!" alisema. "Ukifika chini unapanda juu, unaanza safu ya pili." Vidole vyangu havikusahau. Kwa hiyo niliposhika ule ukurasa mbele ya watu wazima thelathini, nilishuka.

Safu ya kwanza. Watu wanaanza kuchimba kisima, Bwana Nilisema amekaa kwenye kigoda. Chini yake, maji yanaruka, watu wanarukaruka kwa furaha, yeye ametoa macho. Chini kabisa, ameteleza kwenye tope, ndoo iko hewani, watu wanashika mbavu kwa kucheka. Nikapanda juu, safu ya pili. Watu wamo shimoni wanatoka jasho, udongo mkavu, yeye kidole juu: "Hapa hamna maji. Nilisema!" Chini yake, amesimama mbele ya watu wote ameshika ndoo: "Si nilisema maji yapo?" Na ya mwisho, ameshika jembe pamoja na wenzake, amechafuka, anasema, "Leo sisemi kitu."

Watu walitazamana. Nikaona hawajaelewa, nikawafafanulia kwa sauti ya kimwalimu. Maji yalitoka kidogo, nikasema, watu wakamcheka huyu baba. Baadaye yakakauka, ikaonekana alisema kweli. Ndipo akawaongoza mahali pengine penye maji. Na alipokwisha kuwaonyesha hakujisifu, alichimba nao kimya kimya.

"Kama kisima chetu," mama mmoja akasema taratibu. "Kilitoka, kikakauka."

Watu wote wakageuka kumtazama jirani yetu pale mlangoni. Ningekuwa yeye ningetabasamu. Yeye aliinuka akaja mpaka mbele, akauinamia ukurasa. Herufi zilikuwa zinamchelewesha, lakini picha aliziangalia kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Hizi picha hazifuatani hivyo," akasema.

"Haya, ameanza," bibi yangu akasema.

"Tazameni shati. Hapa ameanguka, shati lote tope. Hapa baadaye, jeupe. Hapa, jeupe. Huku mwisho, tope tena. Amefua saa ngapi?"

"Alikwenda kwake akabadili."

"Halafu akalirudia lile la tope?"

"La kufanyia kazi!" bibi akamjibu. "Huko kwenu Ibaba mtu analima na shati jeupe?"

Ghala zima likacheka. Jirani hakucheka. "Na maji ya kufulia kayatoa wapi, kisima kimekauka?"

"We mzee! Hata gazeti likikusifu unabisha?"

"Mimi sijasema linamsifu nani. Nasema shati."

Nami nikaingilia, mtoto wa miaka kumi na moja, na gazeti mkononi. "Babu, gazeti linasomwa kwa kushuka."

Alinitazama kidogo. "Sawa, mwalimu," akasema, akarudi mlangoni. Nimeishi na hiyo sawa-mwalimu miaka mingi, na bado sijui kama alikuwa ananidhihaki au ananiheshimu.

Hakuna toleo lililopendwa kama lile. Nililisoma mara tatu siku ile ile, kisha gazeti likaazimwa nyumba kwa nyumba, mpaka bibi akalidai, akalibandika ukutani kwake kwa uji mzito. Akina mama ndio waliokwenda kwa mwenyekiti. Walimwambia kama hata gazetini mtu wa namna hiyo alionekana alisema kweli, basi wa kwetu naye ajaribiwe, kwa kuwa wanaobeba ndoo ni wao. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema aliyechoka. Mkutano ukakubali, kila nyumba kumi zikapewa siku yao, na kwenye matete shimo likaanza. Watoto waliendelea kumwita jirani Bwana Nilisema, lakini sasa walimwita kwa kumsalimia. Nilipita kijijini nikijiona mimi ndiye niliyeyaleta hayo yote, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

Wiki ya pili ya kuchimba, mwalimu wetu wa shule alibandika ukurasa ule ule ubaoni. Akamwita mwanafunzi wa dawati la mbele atusimulie. Yule akaanza picha ya kwanza, akaenda kulia. Watu wanachimba, Bwana Nilisema amekaa. Watu wanatoka jasho, yeye anasema hapa hamna maji. Akashuka. Maji yanaruka, yeye yule yule yuko wa kwanza na ndoo, ati si alisema maji yapo. Akashuka tena. Anaanguka topeni wanamcheka, na mwisho amepewa jembe na mdomo umefungwa. Darasa lilipasuka kwa kicheko.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, amekosea. Gazeti linasomwa kwa kushuka."

Mwalimu hakunicheka, nitamshukuru kwa hilo siku zote. "Maandishi ya safu yanashuka," akasema. "Picha zinakwenda upande, kama unavyoandika kwenye daftari lako."

Nikaliangalia shati. Jeupe, jeupe, jeupe, jeupe, tope, tope. Hakukuwa na haja ya kufua.

Kwa hiyo hadithi haikumsifu mtu. Ilikuwa ya mvivu anayekataa, kisha anadai. Shimo la bondeni lilikuwa limefika kifuani kwa mtu mzima, na udongo ulikuwa mkavu kama majivu. Nikisema, wataliacha, na jirani yetu atachekwa kuliko mwanzo, mara hii na ushahidi wa gazeti. Nisiposema, watu wazima wataendelea kuchimba kwa sababu ya kosa langu, na wakikosa maji lawama zote zitakuwa zake.

Nilinyamaza siku nne. Kila baada ya shule nilikwenda kubeba udongo kwa karai na wenzangu, na kila nilipompita aliniambia, "Habari za kazi, mwalimu." Nilikuwa naitikia huku natazama chini.

Siku ya tano nilirudi nyumbani nikamkuta bibi amesimama ukutani, peke yake, anasoma. Hakujua nipo. Kidole chake kilikuwa kwenye picha ya kwanza, anavuta neno silabi kwa silabi, kisha kidole kikashuka, kama nilivyomfundisha. Alisoma bila msaada kwa mara ya kwanza, nami nilisikia fahari na aibu kwa wakati mmoja, moja imekaa juu ya nyingine. Nikamwambia.

Alirudisha kidole juu, akakipeleka upande. Alichukua muda mrefu, mpaka uji wa ulezi ukafurika ukazima moto, na hakuna aliyeinuka.

"Kwa hiyo hakufua," akasema mwishowe.

"Hakufua, bibi."

"Na mimi nikampigia kelele mbele ya watu." Akaketi. "Kesho utawaambia. Mimi nitakuwa nimesimama hapo karibu."

"Wataacha kuchimba, bibi."

"Wataacha au hawataacha. Sijahangaika na hizi herufi uzeeni ili nisome uongo kwenye ukuta wangu."

Kesho yake alasiri tulishuka matetani. Siku hiyo ilikuwa zamu ya nyumba za mwenyekiti, naye alikuwa shimoni mwenyewe, kinaonekana kichwa tu. Jirani yetu alikuwa juu anapokea makarai ya udongo. Alikuwa hakosi, zamu yake na zisizo zake. Nikasema. Nadhani nilisema haraka mno, maana mwenyekiti aliuliza, "Ati nini?" ikabidi nianze upya, huku naonyesha hewani kwa kidole picha zilivyopaswa kwenda.

Kijana mmoja akatupa sululu chini. "Tumechimbishwa na mtoto!"

"Kumbe lilikuwa linamcheka!" mama mmoja akasema, na kicheko kikaanza, kile cha zamani. Watu wakamgeukia jirani.

Yeye aliweka karai chini. Akajifuta mikono kwenye suruali. Akasema, wala si kwa nguvu, "Nilisema. Siku ile ile. Shati."

Kicheko kikakatika. Niliona watu wanakumbuka, mmoja baada ya mwingine.

"Alisema," bibi yangu akasema. "Mimi ndiye niliyembishia. Tulikuwa tunamsifu ghala zima, yeye akasimama akasema picha zimekosewa. Angekaa kimya angekula sifa zake mpaka leo. Sasa mtu wa hivyo akiniambia mahali pana maji, mimi nakataa kwa nini? Nipeni jembe."

"Bibi, utaingiaje humu?" mwenyekiti akamuuliza kutoka chini.

"Toka wewe, nipishe."

Watu wakacheka tena, lakini mwenyekiti akatemea viganja mate akaendelea kupiga. Si wote waliobaki. Yule kijana alikwenda zake na wengine watatu wanne, na siwalaumu, mvua zilikuwa karibu na mashamba yao hayajaguswa.

Maji yalitoka siku ya tatu baada ya hapo. Hayakuruka kama ya kwenye picha. Udongo ulibadilika rangi kwanza, ukawa na harufu ya ubaridi, kisha kuta za shimo zikatoka jasho, na kufikia jioni mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, hataki kutoka. Tuliokuwa juu tulimtazama jirani yetu. Mimi nilikuwa nawaza ile picha ya mwisho. Nilikuwa na hakika atasema leo sisemi kitu, au atanyamaza, na itakuwa vizuri sana.

Hakunyamaza. Alisema nilisema. Akasema nilisema kabla hamjachimba kile cha kwanza. Akasema, na vyura je, si nilisema?

"Ulisema, jirani," bibi akamjibu. "Ulisema."

"Ulisema, babu," mama mwingine akadakia, na mwenyekiti toka shimoni, "Ulisema, ndugu!" Wakaitikia hivyo wengi, kwa mzaha kidogo, lakini wa upole. Yule mzee akaokota karai tupu, akaligeuzageuza mikononi. Nadhani katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumjibu hivyo, na hakuwa amejiandaa kwa neno la kufuata.

Jioni hiyo alikuja nyumbani kuomba nimsomee katuni ukutani, safari hii kwa upande. Nilisoma nikifuata picha kwa kidole. Tulipofika kwenye tope alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu mtu nafanana naye!" alisema. Bibi akamwambia, mdomo tu. Akampakulia viazi.

Kwa haki niseme maji yale hayakuwa mengi kama alivyoahidi. Mwezi wa kumi ilibidi ungoje yajikusanye, na kulikuwa na ugomvi wa foleni. Lakini sikuchelewa shule tena. Na jirani hakubadilika hata kidogo. Aliendelea kutukera mpaka nilipoolewa nikahamia huku mpakani, na siku ya harusi alisema hema litapeperuka, likapeperuka. Bibi alifaulu mtihani wa kisomo. Balua ya kwanza aliyoniandikia ninayo, ina makosa tisa, na sijawahi kuyasahihisha.

Nilikwenda kule mwaka jana. Mabomba yamefika, kisima kimefunikwa kwa zege, mbuzi wanalala juu yake. Matete yamefyekwa, pamepandwa parachichi. Nyumba ya bibi ilianguka zamani, na ule ukuta uliyeyuka na mvua pamoja na Bwana Nilisema wake. Gazeti lenyewe sikumbuki liliacha kuja lini. Hakuna aliyetangaza, liliacha tu. Nilisimama pale nikajaribu kusikia vyura. Nimeshajiuliza sana ni hadithi ipi niliyoipenda, ya mchoraji au ile yangu iliyokosewa. Ya mchoraji ilikuwa sahihi, wapo watu wasioshika jembe. Yangu ilikuwa kosa, nayo ilimpa nafasi mtu aliyeshika. Moja siwezi kuifuta kwa sababu ya nyingine. Ninachokosa hasa ni lile ghala, watu thelathini wanagombania shati moja la kuchorwa, kila mtu na hoja yake.

Nilidhani hayo yamekwisha. Katuni za siku hizi zinajifuata zenyewe kwenye kioo, huna pa kushukia wala pa kukwenda upande. Lakini juzi hiyo, maharage yakiwa yameshainjikwa, yule mdogo alikunja uso akaisogelea televisheni.

"Bibi. Mbuzi miwani yake si imevunjika pale mtoni? Mbona hapa anayo nzima?"

"Anayo nyingine nyumbani," kaka yake akasema. "Wewe naye! Tazama."

"Nyumbani kaenda saa ngapi?"

Niliweka mwiko chini, nikaja kuketi katikati yao. Nikamwambia mkubwa airudishe nyuma, tuangalie vizuri. Miwani ilivunjika kweli. Mdogo akaruka juu ya kochi, kidole hewani.

"Si nilisema?"

"Ulisema, mwanangu," nikamjibu.